MLANGO WA UMEME UKIGOMA, USIANZE NA MOTA

Wafanyabiashara wenzangu, leo naongea na wenye Noah, Voxy, Alphard na gari zote za aina hiyo, zile ambazo mlango wa pembeni unajifungua na kujifunga wenyewe kwa umeme. Siku umebonyeza swichi au umevuta kishikio na mlango umekaa kimya kama haujakusikia, nina neno moja tu la kukwambia: USINUNUE SPEA SIKU HIYO. Tafuta sababu kwanza.

Mimi sio fundi gari. Niliishia kidato cha nne, nina duka la vifungashio na vyombo vya plastiki hapa Morogoro, na mzigo wangu mwingi unatoka Kariakoo. Ninachokijua kuhusu huu mlango nimekipata kwa kusoma kitabu cha gari, kuuliza maswali na kusimama pembeni ya mafundi wakati wanafanya kazi. Kwa hiyo sikufundishi ufundi. Nakufundisha kulinda hela yako kabla fundi hajafungua bisibisi.

KWA NINI MLANGO NI SUALA LA BIASHARA

Kwa mtu wa ofisini mlango wa umeme ni starehe tu. Kwetu sisi ni mlango wa stoo. Ukipaki kwenye mtaa wa Kariakoo, gari nyingine imekubana nyuma, mlango wa pembeni ndio unaopakilia mzigo. Ukigoma hapo, mbeba mizigo anasubiri, anayetaka nafasi yako anapiga honi, na wewe unatokwa jasho huku unauvuta mlango kwa nguvu. Kesho yake asubuhi unaenda gereji ukiwa na haraka, na mtu mwenye haraka ni rahisi kuuziwa chochote.

Sentensi utakayoisikia unaijua: "Bosi, hapa mota imekufa." Kwa sababu huna cha kujibu, unatoa hela. Na hela yenyewe sio ya gari, ni mtaji. Ni katoni za mzigo ambazo wiki hiyo hazitaingia dukani. Mota ikishafungwa na mlango ukagoma tena, utaambiwa kumbe ni kontroli boksi. Baadaye utasikia ni waya. Mara nyingi spea za umeme zilizotumika zikishafungwa hazirudishwi dukani. Umenunua vitu vitatu kutibu ugonjwa mmoja ambao hakuna aliyeupima.

ELEWA MLANGO UNAVYOFANYA KAZI

Ili usidanganywe, shika kitu kimoja kichwani. Mlango wa umeme ukifunguka au kufunga, kuna mambo matano yanafuatana:

1. AMRI. Umebonyeza rimoti, swichi ya dereva, au umevuta kishikio.
2. RUHUSA. Gari inajiuliza: je, ni salama kufungua sasa hivi?
3. UMEME. Betri na fyuzi zinapeleka nguvu ya kutosha.
4. MWENDO. Mota inavuta kebo, mlango unatembea kwenye reli zake.
5. LOKI. Mlango ukifika mwisho, loki inashika na kuuvuta ukae sawasawa.

Umeona mota iko wapi? Iko namba 4. Kabla yake kuna mambo matatu ambayo yakikosekana mlango unakaa kimya na mota ikiwa nzima kabisa. Sasa mtu akianza na mota, ni kama mteja hajalipa kwa simu halafu wewe unaenda kubadilisha laini. Anza mwanzo. Mengi ya namba 1 na 2 ni bure, na unaweza kuyakagua ukiwa na kandambili miguuni.

AMRI: JARIBU KILA SWICHI, ANDIKA MAJIBU

Usijaribu kishikio kimoja ukasema mlango umekufa. Jaribu rimoti. Jaribu swichi iliyo mbele kwa dereva. Jaribu kishikio cha nje, halafu cha ndani. Kama gari yako ina milango miwili ya umeme, jaribu yote miwili. Chukua karatasi uandike, maana majibu hayo ndiyo yatakayokwambia pa kutafuta.

Mlango ukikataa kwa rimoti tu lakini kwingine unakubali, shida ipo kwenye rimoti. Anza na betri yake ndogo ile ya mviringo.

Ukikataa kwa kishikio cha ndani tu, angalia loki ya watoto. Ni kidude kidogo pembeni mwa mlango, unakiona mlango ukiwa wazi. Mtoto au mzigo ukikisukuma, kishikio cha ndani hakifanyi kazi. Hiyo sio hitilafu, ndivyo kilivyotengenezwa.

Ukikataa kwa kishikio cha nje tu, kuna uwezekano mkubwa shida iko kwenye kishikio chenyewe au swichi ndogo iliyo ndani yake. Mota haihusiki, kwa sababu mota hiyohiyo imekubali amri ya dereva.

Na milango yote miwili ikigoma kwa pamoja, tafuta kitu ambacho milango yote inachangia: swichi kuu, fyuzi, betri. Vitu viwili vizima havifi siku moja saa moja. Shika hiyo sentensi, itakuokolea hela.

RUHUSA: HAPA NDIPO WENGI TUNAPIGWA

Kwenye dashibodi upande wa dereva, gari nyingi za aina hii zina swichi kuu ya kuzima umeme wa milango. Ikizimwa, mlango unabaki wa kusukuma kwa mkono kama mlango wa daladala. Swichi ni ndogo, ipo chini chini, na kwenye gari zilizotoka Japani unaweza kukuta imeandikwa maandishi usiyoyajua.

Kuna dada tunapakana naye fremu, anauza mayai kwa trei. Jumamosi gari yake ilienda kuoshwa, Jumatatu milango yote miwili ikagoma. Fundi wa kwanza akaitazama dakika tano, akasema mota zote mbili zimekufa, akataja bei. Dada akaja kuniuliza kama namjua muuza spea wa bei nafuu. Nikamuuliza, "Dada, mota mbili zimekufa siku moja? Zimekubaliana?" Tukaenda kwenye gari. Kijana aliyeosha alikuwa amesugua dashibodi vizuri sana mpaka akabonyeza swichi kuu. Tukaibonyeza tena, milango ikafunguka. Gharama ilikuwa sifuri.

Sisemi yule fundi alikuwa mwizi. Inawezekana hakujua tu. Lakini hela ya dada ingeondoka vilevile, awe mwizi au asijue.

Baada ya swichi kuu, kagua haya:

Gia. Gari ikiwa imewashwa, gari nyingi zinataka iwe imesimama na gia iko P. Zipo zinazotaka ukanyage breki. Kama gia iko N na unabonyeza swichi, gari inakulinda, haijaharibika.

Milango imefungwa loki? Fungua loki zote kwanza, halafu ndio ujaribu.

Kifuniko cha tangi la mafuta. Hiki wengi hawakijui. Mlango ulio upande mmoja na tangi, ukifunguka unarudi nyuma mpaka pale kifuniko kilipo. Ndiyo maana gari nyingi zimewekewa kizuizi: kifuniko kikiwa wazi, mlango wa upande huo haufunguki, au haufiki mwisho. Ukitoka sheli na mlango mmoja umegoma ghafla, zunguka ukague kifuniko kama kimejibana sawasawa.

Mteremko na mfululizo. Ukipaki kwenye mteremko mkali mlango unaweza kusita au kurudi. Na kwenye baadhi ya gari, ukiufungua na kuufunga mara nyingi mfululizo wakati wa kushusha mzigo, mfumo unajipumzisha ili mota isiungue. Subiri dakika chache ujaribu tena.

Sikiliza mlio pia. Ukibonyeza swichi na gari ikalia "pii" bila mlango kwenda, hiyo ni habari njema, maana yake amri imefika na gari imekataa kwa sababu fulani. Tafuta sababu hiyo, usitafute spea.

Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani usikitupe. Simu yenye programu ya kutafsiri kwa kamera inasoma kurasa hizo vizuri kiasi cha kukuelewesha swichi ipi ni ya nini. Tafuta ukurasa wenye picha ya mlango, umulike.

UMEME: TAA KUWAKA HAIMAANISHI BETRI NI NZIMA

Utasikia mtu anasema, "Betri yangu iko sawa, mbona redio inalia." Redio inakula umeme kidogo. Mota ya kuvuta mlango mzito wa chuma inakula mwingi kwa mara moja. Betri iliyochoka inawasha taa vizuri tu, lakini mlango ukianza kuvuta, nguvu inaisha katikati ya safari.

Jaribio ni jepesi. Jaribu mlango injini ikiwa imezimwa, halafu washa injini, gia iwe P, ujaribu tena. Kama injini ikiwaka mlango unakubali, na ikizimwa unasita, shika betri na vichwa vyake kabla hujashika kitu kingine. Angalia kama vichwa vimelegea au vimeota ule ukungu mweupe au wa kijani. Mwenye mita ya umeme apime: betri ya volti 12 ikiwa imejaa na gari imepumzika, inasoma kama 12.6. Ikisoma chini ya 12 hapo unaongelea betri, bado hujafika kwenye mlango.

Sisi wauzaji tuna tabia moja inayoua betri: kupaki mnadani au gulioni siku nzima, mlango wazi, taa ya ndani inawaka, muziki unaita wateja, injini imezimwa. Jioni mlango unagoma, tunalaumu mlango.

Kama betri ilikuwa imechomolewa au imebadilishwa karibuni, kuna jambo la ziada. Gari inaweza kusahau mlango ulikuwa wapi. Zima swichi kuu ya milango, ufunge mlango kwa mkono taratibu mpaka mwisho, uwashe swichi, kisha ujaribu umeme. Kwenye gari nyingi za Toyota hilo linatosha kuukumbusha.

Fyuzi nayo ikaguliwe. Mchoro upo kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi au kwenye kitabu. Ikiwa imeungua, weka nyingine ya namba ileile. Ikiungua tena, acha hapo hapo, kuna waya umegusana mahali. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kuiruka kwa kipande cha waya, ni kutafuta moto ndani ya gari yenye mzigo wako na familia yako.

MWENDO: MCHANGA NA MCHELE VINAUA KULIKO UMRI

Sasa zima swichi kuu na uusukume mlango kwa mkono, taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hili kwangu ndilo jaribio muhimu kuliko yote, na halichukui hata dakika moja.

Ukienda mwepesi bila kukwama, reli na vigurudumu vyake viko sawa, endelea kutafuta kwenye umeme. Ukiwa mzito sehemu moja, au unakwaruza, umepata pa kuanzia. Mlango huu una kinga: ukikutana na kizuizi unasimama au unarudi, ili usimbane mtu. Kizuizi kikiwa ni mchanga kwenye reli, yeye hajui kama ni mchanga au ni mkono wa mtoto. Anarudi tu.

Reli ziko tatu: juu, chini kwenye ngazi, na ile ya kati inayoonekana kwa nje nyuma ya mlango. Ya chini ndiyo jalala letu. Pakia mchele, mahindi, dagaa, mkaa, kila kinachovuja kinaishia pale. Nimewahi kuona kipande cha kamba ya salfeti kimejizungusha kwenye kigurudumu mpaka mlango haupiti. Chukua brashi ya meno ya zamani, kitambaa na tochi ya simu. Toa uchafu wote, futa kavu. Kama utaweka kilainishi, weka kidogo cha silikoni kwenye vigurudumu. Usijaze grisi nzito wala oili chafu ya injini. Vumbi linaganda humo, baada ya wiki mbili una udongo wa mfinyanzi kwenye reli.

Angalia na mzigo wenyewe. Magunia yakiegemea mlango kwa ndani, yanauongezea uzito na kuuminya. Panga mzigo uache nafasi ya kiganja kati yake na mlango. Na mpira wa ukingo wa mbele wa mlango usiuvute wala kuukata. Kwenye gari nyingi ndani yake mna kihisi cha kutambua kizuizi.

SIKILIZA SAUTI

Kimya kabisa: rudi kwenye amri, ruhusa na umeme.

Mota inalia lakini mlango hautembei: kebo inaweza kuwa imekatika au imeruka, au kitu ndani ya mota kimekwisha. Hapa ni kazi ya fundi.

Unaenda kidogo unarudi: kizuizi, reli chafu, kigurudumu kibovu au betri dhaifu.

Unafunga vizuri ila mwishoni hauvutwi ukakaa: shida ni ya loki au mota yake ndogo ya kuvutia. Hiyo sio mota ile kubwa. Ukibadilisha ile kubwa, umerusha hela dirishani.

Unakubali leo, unakataa kesho, ukiutikisa unakubali: fikiria waya. Kila mlango ukitembea, waya zinazouingilia zinajikunja na kujikunjua. Baada ya miaka, waya unakatika ndani ya ganda lake, kwa nje huoni kitu.

TATIZO JINGINE NI SISI WATEJA

Hapa wengine mtanikasirikia. Mafundi wengi wanatuuzia spea tusizohitaji kwa sababu sisi wenyewe hatutaki kulipia kupima. Fundi akitumia saa nzima kufuatilia waya, akakuta umekatika, akauunga, akikuambia elfu thelathini unang'aka: "Waya tu huo!" Lakini akikwambia mota laki tatu, unalipa, kwa sababu umeona kitu kipya kimefungwa. Basi fundi amejifunza. Kichwa chake hakilipwi, kinacholipwa ni chuma. Wewe ungekuwa yeye ungeuza nini?

Mfanyabiashara anapaswa kulielewa hili kuliko mtu yeyote. Wewe ukimshauri mteja achukue kifungashio cha bei ndogo kinachomfaa, unataka arudi. Fundi naye mpe sababu ya kukwambia ukweli wa bei ndogo. Kubaliana naye mapema: "Fundi, hela ya kukagua nakulipa, hata ukikuta hakuna cha kubadilisha. Ila kabla ya spea yoyote, nionyeshe kwanza." Sentensi hizo mbili zinabadilisha mazungumzo yote.

Na "nionyeshe" ina maana yake. Kama anasema mota imekufa, aweke mita, akuonyeshe umeme unafika kwenye mota wakati swichi imebonyezwa na mota haizunguki. Umeme ukifika na mota ikakaa kimya, mota ina kesi ya kujibu. Umeme usipofika, mota haijashtakiwa bado. Fundi anayejua kazi hatachukia swali hilo. Anayechukia, mshukuru, ondoka na gari yako.

Akikwambia ni kebo, mwambie akuonyeshe ilipokatika. Akikwambia ni kigurudumu, kitoe ukishike, ukizungushe kwa kidole.

"SINA MUDA, MIMI NI MTU WA DUKA"

Najua utasema hivyo. Lakini hebu hesabu. Vipimo vyote nilivyotaja mpaka kwenye reli ni kama dakika ishirini. Gereji bila maelezo ni siku nzima, duka limefungwa au ameachiwa mdogo wako asiyejua bei. Kipi kinakula muda?

Wengine watasema, "Kata waya za umeme, tusukume kwa mkono, yaishe." Kusukuma kwa mkono nakubali. Kukata sikubali. Swichi kuu ipo kwa kazi hiyohiyo: izime, tumia mlango kwa mkono wiki mbili, mwezi, mpaka hela ya matengenezo ipatikane bila kugusa mtaji. Ukishakata waya, umeongeza ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza, na siku ya kuuza gari mnunuzi ataona.

Ila kuna mpaka. Mlango ambao haushiki loki sawasawa, unaofunguka wenyewe, au taa ya mlango wazi haizimi kwenye dashibodi, hiyo sio ya kuvumilia. Usipakie abiria, usiingie barabara kuu. Kamba ya katani sio loki. Hapo deni la gereji ni dogo kuliko mtu kudondoka kwenye mwendo.

Na usipambane na mota. Mlango ukiwa unatembea kwa umeme, usiuvute kwa nguvu kuuharakisha wala usiushike kuuzuia. Waambie na wabeba mizigo, maana wao ndio wanaoung'ang'ania. Wakati wa majaribio weka watoto mbali, na vidole visikae kwenye ukingo: ile loki ya mwisho inavuta kwa nguvu sana.

UKIFIKA GEREJI, SEMA HIVI

Usiseme "mlango mbovu." Sema kilichoandikwa kwenye karatasi yako: "Mlango wa kushoto tu. Swichi kuu iko sawa, kifuniko cha mafuta kimefungwa, gia P. Betri imesoma 12.6, fyuzi ni nzima. Kwa mkono unaenda mwepesi. Kwa umeme uko kimya, ila ukiutikisa wakati mwingine unakubali." Fundi akisikia hivyo anajua anaongea na mtu aliyepima. Ataenda kwenye waya moja kwa moja, na wewe utalipia saa moja badala ya siku tatu.

Na kama ndio unataka kununua gari, usiufungue mlango mara moja ukafurahi. Ufungue na kuufunga mara tano kwa kila swichi, injini ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, kisha kwa mkono. Muuzaji akisema "ni swichi tu hiyo, elfu kumi," mwambie airekebishe kwanza kwa hiyo elfu kumi, wewe utarudi kesho.

Spea sio kipimo. Kubadilisha kitu ili uone kama ndicho ni kucheza kamari na mtaji, na mtaji wetu ni mdogo. Amri, ruhusa, umeme, mwendo, loki: fuata kwa mpangilio huo, andika ulichoona, mlipe fundi kichwa chake, na hela ya mota ibaki kwenye mzigo mpaka mota yenyewe ithibitishwe.

Mtumie na mwenzako mwenye Noah. Kazi njema.